Nilijenga hospitali kwetu Ganze, maternity ikakaa tupu

Wakuu, salaam. Wazee wa humu, shikamooni.

Ninayowaandikia yamenipata mimi mwenyewe, sikuyaokota kwa jirani. Asiyeamini aende Ganze akaulize.

Mimi ni daktari, binti wa Ganze, niko Ujerumani miaka mingi. Kwetu mama akishikwa na uchungu ni safari ndefu mpaka Kilifi, na wengine hawafiki. Nikasema nitajenga hospitali, na nikajenga. Mnisamehe, sijui kujinyenyekeza kwa jambo nililolifanya kweli.

Kwenye baraza la chifu niliapa kwamba kila mfanyakazi atatoka hapa hapa kwetu. Wa bara watafute kwingine. Nilipigiwa vigelegele. Mcheza kwao hutunzwa, nikajiona nimemaliza.

Maternity, wodi ya kujifungulia, nikamkabidhi Mzee Katana, clinical officer, tabibu mwenye mikono mizuri, mtu wa ukoo mkubwa na heshima zake.

Nikarudi Ujerumani. Kila nikipiga simu, watoto wa malaria wapo, wazee wa presha wapo. Maternity je? Tupu. Mashuka hayajakunjika hata.

Na wanawake wanaendelea kuzalia nyumbani. Mmoja akafariki, kwao si mbali na geti letu. Nililia siku hiyo, wakuu. Nilijenga kwa ajili ya huyo huyo.

Nikaomba leave, nikaja.

Asubuhi moja nikiwa getini, bodaboda ikamleta mwanamke anaitwa Kadzo, uchungu umemkolea. Akatupa jicho mlangoni, akamwona Katana. Papo hapo akajifunika leso usoni akageuka, anataka kupanda boda tena.

"Dada, waenda wapi na hali hiyo?"

"Narudi nyumbani. Yule ni baba mkwe wangu, ndugu ya babake mume wangu. Nitamvuliaje nguo?"

Nikashika kichwa. Kwa wasiojua, kwetu baba mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Na Katana, kwa ukoo wake ule, ni mkwe wa karibu nusu ya wanawake wa pale. Mimi mtoto wa pale pale sikuliwaza hilo hata kidogo. Ughaibuni unasahaulisha.

Nilimzalisha Kadzo mwenyewe, mtoto wa kike, mzima kabisa. Lakini leave huisha.

Nikamwendea Katana nikijua atakasirika. Akacheka.

"Daktari, hata mimi naona haya. Nikisikia mama mjamzito anakuja, naomba Mungu asiwe wa kwetu. Na wote ni wa kwetu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulishaapa mbele ya watu."

Basi nikamwajiri Daktari Barasa, kijana wa bara, wa Bungoma huko, hana shangazi wala mkwe upande huu wote.

Kelele zilizozuka msiniulize. Nikarudi barazani, nikasimama mbele ya watu wale wale: "Kiapo nimekivunja mimi, nisemeni mimi. Katana hajafukuzwa, yuko kwa wagonjwa wengine. Huyu mgeni mjaribuni."

Wanaume wakanung'unika. Wake zao wakaja. Siku hizi vitanda vinagombaniwa.

Sasa sikieni hili. Juzi nimekuja likizo, sijafungua hata begi, mama akaninong'oneza kuwa baba anapasuliwa leo.

"Wapi?"

"Kwako."

Kumbe mzee ana busha miaka yote hii, analificha chini ya kikoi, na bintiye daktari hajaambiwa. Alimwambia Barasa.

Nikakimbia mpaka hospitali, nikavaa koti langu jeupe, moja kwa moja mpaka mlango wa theatre. Katana alikuwa amesimama pale. Hakunipisha.

"Vua koti, mwanangu. Leo wewe ni binti yake. Kaa kwenye benchi."

Nilifungua mdomo nimkumbushe hii hospitali ni ya nani. Nikaufunga. Nikakaa na chupa ya uji aliyonipa mama magotini, pamoja na jamaa za wagonjwa wengine, mpaka Barasa akatoka akasema mzee salama.

Nilipoingia, baba amefunikwa shuka mpaka kidevuni. Akaniangalia, akasema, "Umejenga vizuri."

Nililojifunza ni kwamba ukijenga kwenu, mwachie mgeni nafasi. Yako mambo ambayo mtu hawezi kufanyiwa na wa kwao, hata wakimpenda vipi.

Haya, mliojenga makwenu, nyinyi mlikwama wapi? Semeni. Na mlioninung'unikia barazani, najua mko humu. Kabla hamjaandika, waulizeni wake zenu.