Meno Manne Juu ya Bati

Binti yangu aling'olewa meno manne ya mbele akiwa na miaka mitatu. Nilimshika kichwa mwenyewe kwenye kiti cha kliniki, na alipomaliza kulia aliomba kitu kimoja tu: apewe meno yake aende nayo nyumbani.

Daktari aliyafunga kwenye pamba. Yalikuwa vipande vya kahawia, vimeliwa hadi ufizini. Kisha akanieleza bila kunigombeza, nami naeleza hapa vivyo hivyo, maana laiti ningejua mapema. Mate si maji ya mdomoni tu. Huosha mabaki ya chakula, hupunguza makali ya asidi inayokula meno, na ndani yake mna kinga ya mwili inayonasa vijidudu visigande kwenye jino. Mtoto akilala, mate hupungua sana. Ukimwachia kitu cha sukari mdomoni wakati huo, vijidudu vinakula na walinzi ni wachache.

"Huwa analala na chupa?" akaniuliza.

Nilikuwa nafua nguo katika nyumba za mtaa wa Olympic, na mtoto alishinda kwa shosho mmoja, bibi mzee wa ploti yetu, Kibera, pamoja na watoto wengine watano. Kila asubuhi nilimwachia chupa ya chai ya rangi yenye sukari nyingi. Akiinyonya alilala hadi mchana, chupa bado mdomoni.

"Huyu wako ni malaika," shosho alinitania. "Hao wengine wamefanana na mama zao."

Nami nilijivuna. Mistari myeupe iliyotokea karibu na ufizi niliiona. Nilidhani ni uji ulioganda.

Tulipofika nyumbani kutoka kliniki tulisimama uani, tukafanya kama tulivyofanya sisi tukiwa wadogo: akayatupa meno juu ya bati, moja moja, akiomba mapya. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba mapya yangechukua miaka. Kila asubuhi alitoka nje kutazama juu.

Watoto wa ploti walianza kumwita binti yangu shosho, kwa kukosa meno. Shosho mwenyewe akawafokea kutoka mlangoni: "Mimi nina matatu, yeye ana kumi na sita. Sasa nani shosho?"

Wote walicheka. Binti yangu alicheka pia, lakini kwa mara ya kwanza akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Mwaka uliofuata nilipata kazi Kawangware, tukahama. Pikapu ilikuwa imeshajaa godoro na masufuria alipokaa kizingitini na kusema hapandi.

"Mimi nabaki. Meno yakikuja yatanikosa."

"Mathe, kwani huyu anangoja wageni?" dereva akauliza, akicheka.

Nilichuchumaa. Nikashika kidole chake, nikakipitisha polepole juu ya ufizi mtupu. "Yako humu ndani. Hayatoki kwa bati. Yanakua pole pole, na tunaenda nayo Kawangware."

Akakibonyeza kidole, akitafuta. "Sasa yale yalioza kwa nini?"

Siku hizi nawaeleza akina mama wenzangu tukipanga foleni ya maji: akilala na chupa, iwe ya maji matupu, mswaki uanze jino la kwanza likitokeza, inua mdomo wake wa juu uangalie kama kuna mistari myeupe, maana hapo bado jino linaweza kuokolewa. Nawaambia msijilaumu, anzeni leo. Maneno hayo hunitoka kwa urahisi. Siku ile, mbele ya mtoto wangu, yalinikwama.

"Ni mimi," nikamwambia. "Nilikuwa nakuwekea sukari kwa chai, ndio ulale nikienda kazi."

Alifikiri kidogo. "Lakini ilikuwa tamu, mum," akasema, kama anayenibembeleza.

Akakubali kubebwa. Pikapu ilipoondoka alilipungia bati lile mkono mmoja. Kidole cha ule mwingine kilikuwa mdomoni, juu ya ufizi.