Kavutha na Mti wa Mwisho Mpakani

Mimi na Kavutha tuliolewa kijiji kimoja huko Ndithini, na nawaambia, mwanamke yule alijua miti hadi alichosha. Mkienda kuni, kila kichaka lazima akitaje jina. Sisi Wakamba tuna itula na tuna ikuu, miti ya ukoo mmoja. Yote hubambuka gome, yote hupukutisha majani kiangazi. Sisi wengine tulingoja mvua ndipo tuitofautishe: ikuu hutoa majani matatu matatu, itula mengi kwenye kijiti kimoja. Kavutha alikwangua gome, akanusa utomvu, akasema huu ni huu. Hakuwahi kukosea, na kiburi alikuwa nacho.

Mwaka wa 2000, katika ule ukame mbaya, mumewe akiwa ameshakufa, shemeji yake Ndunda alidai kipande cha shamba kando ya mto, mahali pekee palipobaki na unyevu. Mpaka wa marehemu baba mkwe ulikuwa mstari wa itula alizopanda mwenyewe. Ubishi ukawa juu ya mti wa mwisho. Kama ni itula, kipande ni cha Kavutha. Kama ni ikuu, basi uliota tu wenyewe, na kipande ni cha Ndunda.

"Tungoje mvua, Mama Mwikali," Ndunda alimwambia Kavutha mbele ya wazee. "Tutaona majani."

"Ningoje, watoto wangu wale nini?" Akakwangua, akanusa. "Ni itula. Leteni kithitu niape."

Lo! Kithitu, kile kifaa chetu cha kuapia, si mchezo. Ukikiapia uongo, kinamaliza nyumba yako, kikianza na watoto. Nilimvuta leso. "Wewe, acha kichwa ngumu! Mti umekauka, utomvu uko wapi?" Akanitazama kama mjinga, akaapa. Wazee wakampa kipande, na Ndunda akaenda zake.

Mvua ilinyesha Novemba. Nilimkuta Kavutha mpakani ameshika tawi. Majani matatu. Akashika lingine, matatu. Nilimwambia hakudanganya, amekosea tu, na Mungu anajua tofauti. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini hata mimi nilikuwa naogopa.

Alirudisha kipande siku hiyo hiyo. Ndunda akamsamehe, wazee wakachinja mbuzi kuondoa kiapo. Kwa Kavutha haikutosha. Mwezi uo huo Mwikali, kifungua mimba wake, akashikwa na malaria.

"Mpeleke wewe hospitali," aliniambia akiwa mlangoni. "Mimi nisimguse. Kithitu kisimfuate."

Nilimbeba mgongoni. Mtoto alilia "Mama! Mama!" mpaka tukafika barabarani, na uchungu wa siku ile sijaumaliza.

Mwikali alipona, akakulia kwangu. Mamake alikuwa akija hadi kwenye ua, anauliza mtoto amekula nini, anaenda. Siku tulipomzika Kavutha, Mwikali aliniomba ruhusa ya kumshika mamake mkono.