Maganda ya Baba na Jivu la Bibi

Sisi tuliokulia Stechford, huku ughaibuni, miaka ile tulijua kitu kipya bado kina kazi. Mkoba mpya wa shule Mama aliupitishia uzi wa pili. Viatu vipya vilipakwa mafuta kabla havijaona mvua. Na maganda mapya ya risasi za Baba yalikaa juu ya meza ya jikoni, matupu, yakingoja mikono yetu.

Baba alikuwa mpiga shabaha wa klabu, yeye peke yake kutoka Mombasa, na risasi zake alizijaza mwenyewe. Baruti aliifungia kabatini, hatukuigusa. Maganda ndiyo yalikuwa yetu. Baba alinyoosha midomo iliyobonyea safarini, akayakata yalingane urefu. Mdogo wangu Salim aliyapanga. Mimi nilizungusha kisu kidogo mdomoni mwa kila ganda kuondoa makali, kisha nikaliinua dirishani nichungulie kitundu cha kupitishia moto pale kitakoni. Harufu ya shaba ilinikaa vidoleni mpaka darasani. "Kipya si tayari," Baba alizoea kusema, na ukimbishia alikurudishia ganda ulianze upya.

Mwaka mmoja klabu ilikuwa ichague timu Jumamosi. Mara ya nyuma walimwacha Baba, na alijua wakimwacha tena hawatamwita. Ijumaa tunatoka shule, tunamkuta Bibi, mama yake Baba aliyekuja kukaa nasi, ameinamia beseni. Sasa ganda jipya huwa na weusi karibu na mdomo, alama ya moto wa kiwandani, wala si kasoro. Bibi aliona masizi. Alikuwa ameyasugua maganda yote kwa limau na jivu la makaa ya mawe, kama masinia ya Idi.

"Mwakaa na shaba chafu hivi, mgeni akija je?" akaniambia. "Na wewe mtoto wa kike watazama tu."

Yaling'aa kama bangili za bi harusi. Na kila kitundu kimeziba jivu.

Baba alirudi kutoka kazini, akayatazama. "Yamependeza, Mama." Kisha akanigeukia mimi, polepole: "Jivu likibaki humo, risasi haitoki. Na mimi sina nafasi nyingine."

Tukayasuuza, tukayatandaza kwenye sinia mbele ya moto wa sebuleni. Salim alichoka upesi. "Yamekauka hayo, yatosha." Nikamwambia akae kimya. Asubuhi nilichokonoa kila kitundu kwa kijiti, nikachungulia dirishani, na lile lisilo na mwanga nikaliweka kando. Baba alichukua niliyoyapitisha tu. Akayajaza bila kuyakagua.

Kule uwanjani wenzake walimcheka kwa maganda yale ya kung'aa, wakamwuliza kama anakwenda kuoa. Akapiga, na hakuna risasi iliyogoma. Alirudi yumo kwenye timu, akambusu Bibi mkono, akanitilia ganda moja mfukoni. Bibi anaamini hadi leo kilichomwingiza ni jivu lake.

Siku hizi macho ya Baba yana ukungu, na vifaa vyake vya maganda alinipa mimi. Juzi Salim, mwanamume mzima mwenye bunduki yake, kaja kwangu Shard End na mfuko wa maganda mapya, anataka tuvitupe vile vifaa. "Dada, siku hizi unatoa mfukoni unajaza. Kiwanda kimeshamaliza." Huyu kakosa shabaha msimu mzima na lawama anaupa upepo. Nilimwambia vifaa havitoki humu, na chai akanywe kwake. Kaondoka kanuna, mfuko kausahau. Naandika hasira haijaisha.

Zamani nyumba nzima tuliinamia meza moja kwa ajili ya ganda moja. Sasa kila mtu ana mfuko wake na haraka yake, na meza ni ya kuwekea televisheni.

Binti yangu, ambaye ukimsemesha Kiswahili hukujibu kwa Kiingereza, alichomoa ganda moja kwenye mfuko alioacha mjomba wake. Sijamfundisha bado, labda kaniona. Akaliinua dirishani, akafumba jicho moja.

"Unaona nini?"

"Giza, Mama."

Nikaliweka kando, nikampa lingine.