Vyungu Kumi na Viwili vya Stamenka

Watu husema Stamenka ana roho mbaya. Waseme. Nimekaa naye meza kwa meza pale sokoni kila Jumamosi, miaka kumi na tisa, yeye na pilipili zake, mimi na jibini langu, na ninachojua ni kwamba hakuzaliwa na roho hiyo. Alitengenezewa, na aliyemtengenezea namjua kwa jina.

Kwanza mumjue mwenyewe. Miaka ishirini na miwili Stamenka alisimama kwenye ghala la barafu akichambua rasiberi zilizogandishwa, nzima huku, zilizovunjika kule. Hata Julai vidole vyake ni vya baridi, akikupa mkono unashtuka. Wilaya yetu yote inakula kwa rasiberi, lakini zile zilizopita mikononi mwake zilikuwa za wengine. Ghala lilipofungwa, mumewe alishakuwa kaburini na binti yake kaolewa mbali. Akachukua kiinua mgongo, akanunua nusu hekta kwenye mteremko juu ya mto, akapanda zake mwenyewe. Mashimo alichimba peke yake. Mwaka wa tatu mashina yalimfika kifuani, yamejaa maua, na hayo ndiyo yangekuwa mavuno yake kamili ya kwanza.

Mteremko ule hauna maji. Ndipo akaenda kwa Obrad.

Obrad hununua viwandani matangi ya kizimba yaliyokwisha kutumika, yale ya plastiki ya lita elfu moja, yenye wavu wa chuma pembeni na koki chini. Anayaosha, anatuuzia sisi wakulima. Hapa kwetu hakuna nyumba isiyo nalo. Utalikuta la maji ya mvua, utalikuta la plamu zinazochacha kungoja kuwa pombe, na likichakaa kizimba chake hufugia kuku. Mimi mwenyewe banda langu ni vizimba vitatu vya Obrad.

Na Obrad alikuwa msimamizi wa Stamenka. Yeye ndiye aliyemsimamia kanisani siku ya ndoa, yeye ndiye aliyemsimamia binti yake ubatizoni, ndiyo maana humwita mzazi mwenzake. Kwetu msimamizi ni zaidi ya ndugu. Ndugu mtagombea mpaka wa shamba, mtafikishana mahakamani, mtazikana bila kusalimiana. Msimamizi huwezi kumshtaki, huwezi kumtukana, hata sauti huwezi kumpandishia. Wazee wanasema ukimtukana msimamizi wako, nyumba yako haitazaa tena.

"Hili nimekuwekea wewe, mzazi mwenzangu," Obrad alimwambia, akilipigapiga tangi ubavuni. "Lilikuwa na sharubati ya tufaha. Hebu nusa."

Stamenka akaingiza kichwa kwenye mdomo wa tangi. "Linanuka sabuni tu."

"Si nimeliosha mara tatu! Wengine nawaoshea mara moja, tena wakinikera hata hiyo hawapati."

Wakacheka, wakanywa kahawa, akalipakia kwenye trela mwenyewe na kumfikishia hadi shambani. Kibandiko cha tufaha kilikuwa kinang'aa ubavuni.

Siku kumi na mbili baada ya kuanza kumwagilia, majani ya rasiberi yakaanza kujikunja. Mwanzoni mwa Juni vichwa vya mashina vilikuwa vimepindika kama vimenyongwa, na matunda yalikauka yangali madogo kuliko punje za pilipili manga. Bwana shamba akaja kutoka mjini, akatembea mstari wa kwanza, wa pili, akasimama.

"Mama, umepiga dawa ya kuua magugu?"

"Magugu nang'oa kwa mikono."

Akaenda kwenye tangi, akakwangua kibandiko cha tufaha kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na kingine, kimeparuliwa kwa kisu lakini hakikuisha: alama nyekundu ya hatari na nusu ya jina la dawa. "Plastiki huinywa dawa hii," alisema. "Uioshe mara mia, itaendelea kuitema kidogo kidogo. Ukitaka kulijua tangi, mwagilia maharage kwa maji yake. Maharage yatakuambia."

Stamenka alikwenda kwa Obrad kwa adabu zote. Obrad akajishika kifua. Ameletewa hivyo hivyo, angejuaje? Yeye naye kadanganywa! Akamwahidi tangi jingine, la bure.

Jumamosi ile Stamenka alikuja sokoni akaniambia, "Rushka, sitaki tangi lake wala dinari yake. Nataka aseme alijua. Kwa mdomo wake, mbele za watu. Basi."

"Mshtaki."

"Msimamizi wangu?" Aliniangalia kama vile nimemwambia ale paka.

Julai nzima, wakati wenzake wanachuma, alizunguka na baiskeli na chupa tupu za soda, nyumba hadi nyumba, kwa kila aliyenunua kwa Obrad. "Nijazie maji ya tangi lako." Wengine walimcheka, wakasema uchungu umempanda kichwani. Watu kumi na mmoja walimjazia. Akapanda maharage kwenye vyungu kumi na kimoja, kila kimoja na chupa yake, kila kimoja kimeandikwa namba iliyopigwa kwenye kizimba cha tangi. Cha kumi na mbili alikimwagilia maji ya kisima.

Jumamosi ya kwanza ya Agosti alifika mapema, akaenda kwanza kwa Obrad, aliyekuwa ameegesha trela lake mkabala na sisi. Akambusu mara tatu mashavuni kama ada. "Mungu akusaidie, msimamizi wangu. Watoto hawajambo?" Kisha akarudi, akasukuma pilipili pembeni, akapanga vyungu. Vinane maharage yake yalisimama wima, kijani, mazuri. Vinne yalijipinda na kujisokota hata kuyatazama inauma. Mbele yake kipande cha boksi: Maji ya matangi ya Obrad, na chungu kimoja cha kisima.

"Weka vile vinne tu," nilimwambia. "Hayo mazuri ya nini?"

"Sisemi uongo, hata wa kumuumiza."

Mzee mmoja mfugaji akainamia kimoja cha vile vinne, akasoma namba, akasoma tena. "Hii si yangu hii?"

"Ni yako."

"Mama wee, nanyweshea ng'ombe!" Akaondoka mbio, kofia mkononi.

Obrad akapaza sauti kutoka kwenye trela, "Maharage yake yana ugonjwa! Mwanamke hajui kulima!"

"Na haya mazuri kayalima nani, shangazi yako?" nikamjibu. Mimi hakunisimamia ndoa, kwa hiyo niliropoka nitakavyo, na kila neno lilinishuka tamu kama asali.

Jumamosi nne mfululizo Stamenka alimbusu, akamuulizia watoto, akapanga vyungu. Watu walirudisha matangi, hata wenye mazuri. Obrad akashusha bei, akashusha tena. Trela likaja limejaa, likaondoka limejaa. Sitawaficha, nilikuwa naamka Jumamosi kwa furaha kama mtoto siku ya sikukuu.

Jumamosi ya tano Obrad alivuka njia. Alivua kofia, akasimama mbele ya meza.

"Mzazi mwenzangu," alisema, "nakuomba kwa jina la Mungu na la Mtakatifu Yohana, ondoa vyungu hivi."

Nilimlaani moyoni. Mbweha! Mtakatifu Yohana ndiye mlinzi wa usimamizi, na ombi la namna hiyo halikataliwi, hata likiomba nini. Ila mtu hulitumia mara moja tu maishani, na anayelirudia huonekana mwenye kumdhihaki Mungu.

Stamenka akaweka chini kisu chake cha pilipili. "Nitaviondoa."

Obrad akavaa kofia. Niliona tabasamu likianza kumjia.

"Ngoja, msimamizi wangu. Usimamizi una pande mbili. Na mimi nakuomba kwa jina la Mungu na la Mtakatifu Yohana: sema hapa, ulijua kilichokuwa ndani ya tangi langu, au hukujua?"

Obrad kusema uongo ni kazi yake, lakini si chini ya jina hilo. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Mama yake, bibi wa miaka zaidi ya themanini, alikuwa kwenye foleni yangu ya jibini. Akajifanyia ishara ya msalaba, akasema, "Jibu, Obrad."

"Nilijua."

"Mchinjaji kule hajasikia," alisema Stamenka, kwa upole.

"Nilijua! Kibandiko nilikiparua mimi. Nilidhani maji yataizimua dawa."

Stamenka akabeba vyungu kimoja kimoja hadi kwenye mkokoteni wake, vyote kumi na viwili. Kisha akambusu Obrad mara tatu. Mtu mzima alikuwa analia.

"Sasa umenisamehe, mzazi mwenzangu?"

"Hilo hukuliomba kwa Mtakatifu Yohana," alisema. "Uliomba vyungu."

Ombi la Obrad lilikuwa limekwisha.

Vuli ile Stamenka aling'oa rasiberi zote. Matangi Obrad aliyakatakata, plastiki akaipeleka kusagwa, vyuma akaviuza chakavu. Novemba ikafika sikukuu ya mtakatifu wa nyumba ya Stamenka. Siku hiyo hakuna anayealikwa, mwenye haki huja, na msimamizi asipokuja ni aibu ya ukoo. Obrad alikuja. Stamenka alimketisha kichwani mwa meza, akamkatia mkate wa kwanza, akampakulia supu kabla ya kasisi. Mimi nilikuwa nimekaa kushoto kwa Obrad. Hakuna aliyemsemesha.

"Stamenka," alinong'ona Obrad, "yatosha sasa."

"Kula, msimamizi wangu," alimjibu, akimjazia tena sahani. "Mwakani utakuja, na mwaka unaofuata pia."