Jogoo Mguuni pa Mzee

Kuku wale walinifikia kwa sababu mtu alihamishwa kazi. Mwalimu mwenzangu, tuliyekuwa tukifundisha naye watoto wa chekechea, alipata uhamisho wa kwenda mbali, na nyumba aliyoipata huko haikuwa na ua. Wakati huo alikuwa akikaa Busia mjini. Alinipigia simu Jumamosi asubuhi akasema, "Dada, njoo uwachukue hawa watoto wangu. Nikiwaacha hapa wataliwa kabla sijafika ninakokwenda."

Nilikwenda, nikarudi Malaba na katoni mbili zilizotobolewa matundu. Moja ilikuwa na jogoo peke yake. Nyingine ilikuwa na matetea wawili, wamebanana kama mito ya kochi.

Kuku wa kienyeji ukimfungulia katoni, anatoka kwa kishindo na kupotelea migombani, unaanza kumtafuta. Huyu jogoo alisimama tu mle ndani, akanitazama, kisha akanyanyua mguu mmoja taratibu kama mtu anayevuka mtaro, halafu wa pili. Ndipo nikaona vizuri alivyo. Mwili mweupe, shingo yenye mistari myeusi, mkia mweusi, na manyoya yaliyomshuka miguuni hadi yakafunika vidole. Kichwa chake kilipita goti langu. Jirani yangu auzaye ndizi kwa madereva wa malori alikuja hadi kwenye ua, akashika kiuno.

"Mama, hii ni kuku ama ni kondoo?"

"Ni kuku. Wanaitwa Brahma."

"Na anavaa soksi?"

Kwa siku kadhaa watu walipita kuangalia soksi.

Nilijifunza tabia zao polepole. Hawarukii ukuta. Ua wa kufika magotini uliwatosha, na hata huo sikuona wakijaribu kuuvuka. Malori yanayopanga foleni kwenda Uganda hupiga honi karibu kabisa na nyumba yetu, na kuku wa majirani huruka kila mara. Hawa walikuwa wakiinua vichwa tu, kisha wakaendelea kudonoa. Ukitaka kumshika mmoja unainama na kumchukua, anakuachia uzito wake wote mikononi. Mvua ikinyesha, matope yaligandamana kwenye manyoya ya miguu yakawa magumu kama mawe, nami ikabidi niwaoshe kwa maji ya vuguvugu, mmoja mmoja, na kuwakausha karibu na jiko. Walitulia muda wote huo, macho nusu wazi.

Upole wao ulinitia hofu. Jogoo wa jirani, mdogo nusu ya wetu, alipenya siku moja akampiga wetu mpaka upanga wa kichwani ukavuja damu. Wetu alisimama pale pale. Hakupigana wala hakukimbia. Mwewe naye akizunguka juu, matetea walikuwa wakigeuza kichwa upande na kumtazama kwa jicho moja, kana kwamba ni wingu. Nilikuwa nikitoka jikoni na mwiko nikipiga kelele kwa niaba yao.

Mwaka huo huo baba mkwe wangu aliletwa kwetu kutoka Amukura. Alikuwa amefanya kazi ya reli ujana wake wote, mtu wa kutembea na kubeba vyuma, kisha sukari ikamwingia. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuwa vimekatwa hospitalini, na kidonda kilikataa kufunga. Mume wangu, ambaye ni mwanawe wa pekee aliyebaki, alisema mzee hawezi kukaa peke yake Amukura na kidonda kile. Akamtengenezea chumba cha mbele, chenye mlango unaotazama uani.

Kwetu mke wa mwana hamgusi baba mkwe. Hamwoshi, hakai naye kochi moja, hamnyoshei mkono. Siku hizi watu wanalegeza, lakini mzee hakuwa mtu wa kulegeza. Mume wangu anafanya kazi ya kuklia mizigo mpakani, kuipitisha forodhani, na kuna siku anatoka alfajiri na kurudi jioni sana. Nilikuwa naona bandeji imelowa tangu asubuhi, na dawa ipo mezani, na mikono yangu miwili ninayo, na siwezi kufanya lolote ila kumngojea mwanawe. Niliweka maji ya moto kwenye chupa. Niliweka bandeji safi kwenye sahani na kuifunika. Kisha nilisimama mlangoni na kuuliza, "Mzee, umeamkaje?" naye akajibu, "Nimeamka," na hapo maneno yetu yakaisha.

Alikuwa akitolewa nje baada ya chai, akakalishwa kwenye kiti cha plastiki ukutani penye kivuli. Ilikuwa kama wiki ya pili nilipoona jogoo amesogea hadi kwenye kiti, akazunguka kidogo, kisha akajishusha juu ya mguu wa mzee, ule mzima, na kuufunika wote kwa manyoya yake. Nilidhani mzee atampiga teke. Hakumpiga. Alimtazama muda mrefu.

Jioni mume wangu aliporudi, nikamsikia mzee akimwambia, "Yule jogoo wa bibi yako anakaa kwa mguu yangu."

"Anakusumbua? Nimfunge?"

"Simsikii. Hii miguu haisikii kitu. Lakini namwona."

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Chai, kiti, jogoo. Mzee alikuwa akibakiza chembe za mahindi mfukoni. Nilimsikia akiongea naye kwa Kiteso, maneno mengi kuliko aliyowahi kuniambia mimi. Sikusikiliza. Nilifua nguo zangu upande wa pili wa nyumba ili aongee.

Kisha binti yetu akapata mchumba. Kijana ni wa Funyula, Msamia, na watu wake wakatuma habari kwamba watakuja Jumamosi moja kujitambulisha. Mume wangu aliwaeleza watu wetu, tukaazima viti kanisani, nikapanga mapishi. Ijumaa asubuhi mzee alimwita mwanawe, nami nikiwa mlangoni na kikombe cha chai.

"Hao wageni watakula nini?"

"Mke wangu ameagiza kuku wawili Amukura, baba. Na nyama."

"Kuku wa kuagiza ni wa mtu mwingine. Mgeni akija kuchukua msichana kwangu, anakula jogoo wa kwangu. Yule mkubwa."

Mimi nilikuwa na kikombe mkononi na sikujua pa kukiweka.

"Mzee," nikasema, "huyo jogoo hana nyama nyingi. Ni manyoya tu. Wale wa Amukura wamenona."

Hakunitazama. Alimjibu mwanawe. "Nimekaa hapa kama mzigo miezi yote hii. Mimi ndiye mwenye boma. Watu wa Funyula wataenda kusema walikula nini kwangu? Kuku ya kununua? Hakuna kingine kizuri ninacho. Mchinje."

Nilimfuata mume wangu hadi nyuma ya nyumba. Nilimwambia jogoo ni wangu, mimi ndiye niliyepewa. Nilimwambia mzee mwenyewe ataumia kuliko sisi sote. Alisikiliza yote, akajifuta uso.

"Unataka nimwambie nini? Kwamba hawezi kukaribisha wageni kwa jogoo wake?"

"Mwambie anampenda."

"Anajua anampenda. Ndiyo sababu anamtoa."

Binti yetu alikuwa akikunja nguo ndani. Nilipomweleza alikaa kitandani na kusema, "Mama, sasa mimi niseme nini? Nikisema kitu, itakuwa mimi ndiye nimekataa wageni wangu." Nikaona kweli. Katika nyumba nzima hapakuwa na mtu ambaye angeweza kusema hapana, hata mzee mwenyewe.

Siku ya kuchinja kuku wa wageni, kawaida yetu ni mbio. Kuku anahisi, anaruka, watoto wanamkimbiza, watu wanacheka. Jumamosi ile hapakuwa na mbio. Mume wangu alitoka na kisu amekificha nyuma ya mguu, akatikisa mahindi kwenye bakuli, na jogoo akaja na ule mwendo wake wa kuvuka mtaro. Mume wangu akaniambia, "Nishikie. Ni mkubwa, sitaweza peke yangu."

Nilimshika. Aliniegemea kama nilipokuwa nikimwosha matope. Nilihisi moyo wake unapiga polepole, haujui lolote. Niligeuza uso, nikaangalia foleni ya malori, na dereva mmoja aliyekuwa akipiga mswaki kando ya barabara.

Mzee alikuwa tayari amevaa koti na amekalishwa sebuleni. Mlango alikuwa ameomba ufungwe.

Kumnyonyoa kulichukua saa nzima. Manyoya yalijaza makarai mawili, na chini ya manyoya yale yote tulipata kuku wa kawaida, mwenye kifua chembamba na mifupa minene. Wale wa Amukura walikuwa wamefika, nikawapika pia, lakini sahani yake niliiweka peke yake kama nilivyoagizwa.

Wageni walikuja saa saba, watu wanane, wenye adabu. Msemaji wao alikuwa baba mkubwa wa kijana, mvuvi wa zamani mwenye sauti nzito. Mzee alijikaza akainuka kwa mkongojo kuwasalimia. Sikuwahi kumwona akiwa mrefu hivyo. Alisema maneno ya kuwakaribisha bila kusita, na chakula kilipoletwa alisukuma ile sahani kwa mkono wake mwenyewe hadi mbele ya msemaji.

"Huyu nilimfuga hapa. Ni wa wageni wangu."

Mgeni akapewa firigisi. Alitafuna kwa muda mrefu, maana nyama ilikuwa ngumu, akashukuru, akasema ameheshimiwa. Mzee aliitikia kwa kichwa. Yeye mwenyewe alichovya ugali kwenye mboga. Alisema meno yanamsumbua.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Walikubaliana yaliyotakiwa kukubaliwa, binti yangu akaitwa, akatabasamu, wageni wakaondoka jua likiwa bado juu. Kila mtu alisema siku imefana, na ilikuwa imefana.

Jumapili baada ya chai mzee alitolewa nje kama kawaida. Nilimwona ameunyosha ule mguu mbele. Matetea walikuwa wakidonoa mbali kidogo; hao hawakuwa na mazoea naye. Aliunyosha hivyo hadi adhuhuri. Nilitaka kwenda kusema kitu. Nilifika mlangoni, nikauliza kama anataka uji. Akasema hataki.

Baada ya siku chache tetea mmoja akaanza kuatamia. Kuku hawa wakiatamia hawasikii la mtu. Nilikuwa nikimnyanyua ili anywe maji, nikamweka chini kando ya bakuli, naye anabaki vile vile nilivyomweka, amejitutumua, halafu anarudi kiotani. Kwa uzito wake alivunja mayai matatu. Mengine yalioza. Walianguliwa vifaranga wawili, wa yule jogoo, wenye manyoya miguuni tangu siku ya kwanza. Mmoja alichukuliwa na mwewe mbele ya macho yangu. Mama yake alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, akageuza kichwa.

Aliyebaki nilimweka kwenye tenga sebuleni. Mzee alimsikia akilia.

"Ni wa yule?" aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza aniulize kitu yeye mwenyewe, bila kupitia kwa mwanawe.

"Ndiyo, mzee."

"Ni jogoo?"

"Bado ni mdogo. Hatujui."

Kisha mguu wa kulia ukaanza. Ulianzia kisiginoni, doa dogo jeusi. Mume wangu alimpeleka hospitali, wakakaa huko majuma mengi, na mzee alirudi akiwa na mguu mmoja na macho yaliyofifia. Alikuwa akiona mwanga na vivuli, si zaidi. Alikuwa mwepesi, mume wangu alimbeba kutoka kwenye gari peke yake. Binti yetu alikuja kumwona kutoka Funyula, akamshika mkono, akalia jikoni kwangu.

Siku moja kifaranga, ambaye sasa alikuwa mkubwa, aliingia sebuleni na kusimama karibu na kiti chake. Mzee akageuza uso kuelekea kule sauti ilikotoka.

"Sasa mnajua?"

Tulijua. Ilikuwa imeonekana wazi wiki nyingi zilizopita: upanga mdogo, mkia mfupi, tetea kamili.

"Ni jogoo," nikasema.

"Mkubwa?"

"Atakuwa kama baba yake."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Nilirudi jikoni nikashika meza. Sijui kama nilifanya vizuri. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa, na kidonda bado sikuwa na ruhusa ya kukigusa.

Yule tetea alitaga yai lake la kwanza mwezi uliofuata, nyuma ya gunia la mkaa. Alilia sana baada ya kutaga, kama wanavyolia, nami nikatoka mbio kumfukuza upande wa barabarani ili asisikike sebuleni. Yai lilikuwa dogo, rangi ya chai ya maziwa, bado lina joto. Nililichemsha, nikalimenya, nikalikata vipande vidogo na kutia chumvi kidogo. Nilisimama mlangoni na sahani hadi mume wangu alipokuja kuichukua.

Mzee alilila lote polepole. Alisema ni tamu, na akauliza kama kuna chai.