Kidole cha Bibi Povu

Bibi Povu alipata jina hilo enzi za kuchemsha sabuni uani kwa sufuria moja, povu likimwagika hadi mlangoni kwa jirani, na jirani naye akimwaga matusi. Jina lilibaki hata ua ulipoota banda la mabati, banda likaota rafu, na rafu zikaota wafanyakazi wanane, pamoja na mwanawe wa kiume aliyezunguka madukani kutafuta oda.

Sabuni yake ilipendwa kwa sababu haikuyeyuka ovyo majini. Baada ya kukatwa, miche ililala rafuni wiki kadhaa ikikauka, wakati wenzake wa biashara wakiuza yao ingali na jasho. Kabla ya mzigo kutoka, Bibi Povu alichagua mche mmoja akaukandamiza kwa kidole gumba. Ukibonyea, rafu nzima ilingoja. Usipobonyea alisema, "Twende," na upakiaji ukaanza. Mpishi, mwanamke aliyesimamia masufuria tangu banda lijengwe, aliwahi kujaribu kubonyeza, akapigwa kofi mkononi.

"Hapa kidole ni kimoja," aliambiwa.

Watu walikisifu kidole hicho, na mgema akisifiwa mnajua afanyavyo. Mama wa watu alivimba kichwa.

Kisha mapafu yakamlaza hospitali. Kiwandani walichemsha, wakamimina, wakakata, wakapanga. Kutoa tu ndiko kulikokwama. Miche ilikauka ikawa matofali, bado ikingoja kidole. Wenye maduka walivumilia, wakachoka, wakanunua kwingine. Mwana alipoishiwa akili alitia miche mitatu kwenye mfuko akaipeleka wodini ikabonyezwe huko huko.

Muuguzi akaipokea kwa mikono miwili. "Mungu akubariki, kaka! Hapa sabuni ni shida." Akaigawa kwenye masinki kabla mgonjwa hajainua mkono.

Wodi nzima ilicheka. Bibi Povu naye alicheka hadi akakohoa, kisha akageukia ukutani. Aliogopa, na si kifo alichokiogopa. Alikuwa ameona kwamba siku akiondoka, watu wanane watabaki wamekaa mbele ya sabuni nzuri, wakiitazama, mpaka njaa iwatawanye.

Aliporudi alimwita Mpishi. "Lete kidole chako."

Wakawa wanabonyeza pamoja, rafu hadi rafu, mmoja akitangulia na mwingine akifuata. Bibi Povu hakuwa mwalimu mpole. "Unabonyeza kama unaomba radhi! Hiyo ni sabuni, si mkweo!"

Mwana alirudi madukani kubembeleza. Duka moja kubwa likakubali kuwajaribu tena, likaleta lori. Yale matofali yalikuwa yameshauzwa rejareja, zimebaki rafu mpya; Bibi Povu akakandamiza mche. "Twende."

Mpishi akaukandamiza uleule, akakunja uso. "Hautoki, mama. Ndani bado mbichi."

Nje dereva alipiga honi.

"Mama, hawa wakituacha tena tumekwisha," mwana alisema. "Wewe si umeshasema twende?"

Bibi Povu akabonyeza tena, kwa nguvu. Magadi ya miaka yote ile yalikuwa yameifanya ngozi ya kidole chake ngumu kama kisigino. Hakuhisi kitu, wala hakukumbuka ni lini alihisi mara ya mwisho. Akanyoosha mkono kuchukua kisu, apasue mche ajionee mwenyewe. Wote walikuwa wakimtazama, Mpishi kuliko wote. Akakiacha kisu pale pale. Ilimuuma, tena sana.

Alitoka hadi kwenye lori. "Rudi wiki ijayo. Sabuni haijakauka."

"Wiki ijayo?" dereva alifoka. "Nani kasema?"

Bibi Povu akainua kile kidole chake kigumu, akamwelekezea Mpishi aliyesimama mlangoni.

"Muulize mwenye kidole."