Piga Pumzi, Usipige Nyama

Siku yangu ya kwanza kazini nilipiga mshale katikati kabisa ya tumbo la gunia, nikageuka kusubiri sifa. Gunia lenyewe lilining'inia nyuma ya ofisi yetu ya wanyamapori pale Mpumudde, Jinja, limeshindiliwa majani makavu ya migomba na kuchorwa pongo kwa mkaa. Pongo ni yule swala wa vichakani mwenye madoa meupe, mkaidi, mpenzi mkubwa wa maharage ya watu. Sajini wetu, aliyekuwa mwanajeshi kabla ya kuletwa kwetu, aliutazama mshale wangu. Kisha akaniambia nibebe maji nimfuate.

Tulitembea kwenye matope na matete mpaka viatu vyangu vikafumuka. Nilipouliza tunakwenda wapi, alisema tunamfuata mnyama wangu.

"Umepiga tumbo," akasema. "Pongo ya tumbo haifi leo. Inakufa kesho, mbali, na inalia. Sasa tembea."

Hivyo ndivyo alivyomfundisha kila mgeni: ukikosea kwenye gunia, unaitembea adhabu yako siku hiyo hiyo. Nilimchukia wiki nzima. Leo ningetoa chochote nimsikie tena akikohoa nyuma yangu.

Vijana hushangaa kwamba serikali ilitupa pinde wakati bunduki zipo. Miaka ile ya tisini mwanzoni watu wa mashariki walikuwa wametoka kwenye vita juzi tu. Mlio mmoja wa risasi karibu na nyumba, na kijiji kizima kinalala chini, watoto wanapotea porini. Kwa hiyo mnyama aliyeharibu mashamba karibu na makazi aliachiwa sisi wa upinde. Sumu ilipigwa marufuku. Ulibaki na mkono wako na akili yako.

Na akili hiyo ilihitajika katika kulenga. Mgeni hulenga katikati ya mnyama, maana ndipo palipo papana, na huko kuna matumbo. Akishaogopa tumbo hukimbilia bega, ambako mfupa unakizuia chembe, yaani kile kichwa cha chuma cha mshale. Wenye majivuno hulenga kichwa, kitu kisichotulia hata kidogo. Sajini alitaka nyuma tu ya mguu wa mbele, chini ya nusu ya mwili, palipo na mapafu. "Usipige nyama," alisema kila asubuhi. "Piga pumzi." Mnyama akiwa amekupa ubavu, au amegeuka kidogo kama anayekuaga, hapo sawa. Ukishapiga, usikimbie. Keti, kisha ukaisome damu: nyekundu yenye povu ni mapafu, nyeusi ni ini, subiri tena, ikinuka majani ni tumbo, pole yako, andaa miguu.

Baadaye nilihamishiwa Mbale, nikapanga chumba Nabuyonga. Inchaji wetu, yaani mkuu wa kituo huko, alikuwa mtu wa kaskazini, mwimbaji wa kwaya, mpole nyumbani na pilipili kazini. Kitu alichokosa ni subira.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa Nakaloke, nje kidogo ya Mbale. Pongo mmoja alijificha kichakani, nyuma ya ua wa mjane wa Kisoga aliyeolewa huko. Tulimwita Mama Nabirye, jina la waliozaa mapacha. Kwa ukoo wake pongo ni mwiko: hawamli, hawamuui, na kwake yeye mnyama huyo kufia uani ni sawa na msiba kuingia ndani. Lakini majirani zake walikuwa wamemaliziwa karibu maharage yote, nao waliapa kwamba tukishindwa asubuhi ile wataita askari wa bunduki kutoka kambini. Mama alitupokea kwa heshima, akatuonyesha mahali pongo anapotokea.

"Mimi sikatai, bwana," aliniambia. "Watu wanataka kula. Lakini isikuje kufia kwangu ikilia."

Tulijibanza kwenye mihogo ya jirani, mimi na Inchaji, umande ukitulowesha. Pongo akatoka, akatuelekea kifua wazi.

"Piga," Inchaji akanong'ona.

Nikakataa kwa kichwa. Kutoka mbele nafasi ni ndogo na mfupa ni mwingi. Pongo akageuka ubavu, lakini kichwa kiko juu, masikio yamesimama. Mnyama aliyeshtuka hivyo huinama akisikia uzi wa upinde, na mshale unampita juu.

"Piga, bwana! Inaenda."

Mkono ulikuwa unaniwaka moto kwa kuuvuta uzi muda wote huo. Nikaurudisha uzi polepole bila kupiga. Inchaji akalitaja jina la Mungu, na haikuwa sala. Niliogopa, sitaficha. Akienda, zinakuja bunduki. Nikikosea, anakwenda kulia uani kwa mama.

Kisha pongo akainamisha kichwa kwenye maharage, akatupa mguu wa mbele hatua moja. Bega likafunguka. Nikavuta, nikaachia.

Aliruka, akakimbia moja kwa moja kuelekea ua wa Mama Nabirye. Hatua chache kabla ya ua akasimama, miguu ameitanua, kisha akalala kama aliyechoka, upande wa jirani. Hakutoa sauti.

Tulisubiri, halafu tukaiangalia damu. Ilikuwa na povu. Mama alikuwa mlangoni, ametupa mgongo, leso kichwani.

"Ililia?" akauliza bila kugeuka.

"Hapana, mama. Haikulia."

Akashusha pumzi. Akaomba tumpitishe upande wa mbali na tumfunike macho. Inchaji, yule asiye na subira, akavua koti lake la kazi akamfunika pongo kichwa.

Nimestaafu sasa, na upinde wangu uko ukutani hapa Nabuyonga. Gunia la Mpumudde sijui lilioza lini. Siku ya kuniaga walinisifu kwa hotuba ndefu, nami nikashukuru. Vijana wakinitembelea huuliza nilikuwa nampiga mnyama kutoka umbali gani. Nawajibu, maana ni swali zuri, lakini moyoni nangoja siku mmoja wao aulize kama alilia.